Kukabidhiwa nchi: Chagos ya leo, Table Ronde yetu ya 1960, na karatasi za mwezi wa sita

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Wakubwa kwa wadogo, salamu kutoka Katuba.

Tangu Mei 22, 2025, siku Uingereza na Mauritius zilipotia saini mkataba wa kuvirudisha Visiwa vya Chagos vya Bahari ya Hindi, nimekuwa nikiufuatilia kwa karibu. Na kila ninapousoma, mawazo yananirudisha hapa nyumbani, mwaka 1960, kwenye mazungumzo ya Brussels. Vijana wengi wa mji huu ukiwauliza Juni 30, siku ya uhuru wa Kongo yetu, watakujibu wakiwa usingizini. Waulize Juni 17 au Juni 24, wanakutazama tu. Kwangu mimi hizo mbili ndizo zilizoamua maisha ya babu zetu.

Nianze na Chagos kwa wasiofuatilia.

Mwaka 1965 Mauritius ilikuwa bado koloni. Viongozi wake walikwenda London mwezi wa Septemba kujadili uhuru, pale Lancaster House. Waingereza nao walikuwa tayari na mpango wao na Wamarekani: panatakiwa kisiwa cha kuweka kambi ya kijeshi. Asubuhi ya Septemba 23, Waziri Mkuu Harold Wilson akamwita kiongozi wa Mauritius, Seewoosagur Ramgoolam, faragha. Karatasi aliyoandaliwa Wilson kabla ya kikao hicho imehifadhiwa mpaka leo, na inasema wazi kwamba shabaha ni kumtisha yule mzee kwa tumaini: atumaini kuupata uhuru, na aogope kuukosa asipokuwa na busara juu ya visiwa. Siku hiyohiyo wakakubaliana. Fidia ilikuwa pauni milioni 3. Novemba 8 visiwa vikakatwa vikawa koloni jipya, na Machi 12, 1968 Mauritius ikapata uhuru bila Chagos.

Wenyeji wa kule, watu kama 1,500 hadi 2,000, waliondolewa kati ya 1968 na 1973. Walipakiwa melini, wakashushwa Mauritius na Shelisheli. Mbwa wao waliuawa. Hao watu ndio kiini cha jambo, lakini hakuna aliyewauliza mwaka 1965.

Sasa tuje kwetu.

Table Ronde ya siasa, yaani mkutano wa meza ya duara, ilifunguliwa Brussels Januari 20, 1960. Wabelgiji walitarajia kuongea na vyama vinavyovutana mashati: Abako ya Kasa-Vubu, MNC iliyopasuka kati ya Lumumba na Kalonji, Conakat ya Tshombe, Balubakat ya Sendwe, PSA ya Gizenga, Cerea ya ndugu zetu wa Kivu. Wakakuta wajumbe wamefunga safu moja, wakaiita front commun. Wakadai Lumumba atolewe gerezani aje mezani. Akatolewa. Januari 27 tarehe ya uhuru ikatangazwa: Juni 30. Mazungumzo yalikuwa na wiki moja tu. Wabelgiji walipotaka kubaki na ulinzi, mambo ya nje na fedha mikononi mwao kwa muda, wajumbe walikataa. Siwadharau wazee wale hata kidogo. Kwenye meza waliyoonyeshwa, walipigana na wakashinda.

Meza ya pili ndiyo inayoniumiza. Table Ronde ya uchumi ilianza Aprili 26 ikaisha Mei 16, na uchaguzi wa Kongo ulikuwa kuanzia Mei 11. Piga hesabu mwenyewe. Viongozi wakubwa walikuwa juu ya malori vijijini wakitafuta kura. Brussels wakapelekwa hasa vijana, wengi wao wanafunzi waliokuwa wakisoma hukohuko Ubelgiji. Chama cha Lumumba kilimtuma kijana mmoja mwandishi wa habari, jina lake Joseph-Désiré Mobutu. Ng'ambo ya meza walikaa watu waliokuwa wameshika daftari za kampuni miaka yote.

Halafu ukaja mwezi wa sita.

Juni 17, bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria iliyoziruhusu kampuni za koloni kuchagua kuwa chini ya sheria ya Ubelgiji. Union Minière du Haut-Katanga ikachagua hivyo. Shaba inachimbwa hapa, bomba la moshi liko hapa, wafanyakazi wamelala kambini hapa, lakini kisheria kampuni imekuwa ya ng'ambo, wiki mbili kabla ya uhuru.

Juni 24 ni kubwa zaidi, na hapa nawaomba tusome polepole. Tangu 1900 kulikuwa na chombo kiitwacho Comité Spécial du Katanga, CSK. Kilishika ardhi na haki za madini za sehemu kubwa ya Katanga, na kilikuwa mwanahisa mzito wa Union Minière. Fungu la serikali ndani yake lilikuwa theluthi mbili, fungu la kampuni binafsi, Compagnie du Katanga, theluthi moja, na kati ya wajumbe sita wa kamati, wanne waliteuliwa na serikali. Anayerithi serikali anarithi viti vinne. Asubuhi ya Juni 30 viti hivyo vingekuwa vya Kongo huru, na kupitia viti hivyo sauti ndani ya Union Minière. Siku sita kabla, kwa makubaliano ya Wabelgiji na Compagnie du Katanga, CSK ikavunjwa, mali yake ikagawanywa. Theluthi mbili zetu hazikukanushwa, lakini kiti kilichokuwa na amri hakikuwepo tena. Na hisa zenyewe, kile tunachokiita portefeuille, hazikukabidhiwa. Zilibaki kwenye ubishi wa Brussels na Léopoldville (Kinshasa ya leo) kwa miaka.

Ndiyo maana naisoma Chagos kwa jicho hili. Mkataba unasema Mauritius ina mamlaka juu ya visiwa vyote, ikiwemo Diego Garcia, kile chenye kambi. Kisha unasema Diego Garcia itabaki mikononi mwa Uingereza kwa miaka 99, kwa malipo ya wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka, na kambi ya Wamarekani iendelee. Wenyeji wataweza kurudi visiwa vingine, ila si Diego Garcia. Wanawake wawili waliozaliwa kisiwani humo walikwenda mahakamani London kuzuia saini, wakapewa amri ya muda usiku wa manane, mchana wake ikaondolewa, na mkataba ukasainiwa siku ileile. Hawakuwa na kiti mezani mwaka 1965, na miaka 60 baadaye wamelazimika kupitia mlango wa mahakama.

Mnaonaje, ndugu zangu?

---

Kivukoni7 (Dar es Salaam)

Mkuu, uzi umeshiba, hongera. Ila nina jambo.

Mauritius haikwenda mezani mikono mitupu kama mlivyokwenda ninyi. Februari 25, 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikiongozwa na Msomali, Jaji Abdulqawi Yusuf, ilitoa maoni ya ushauri kwa kura 13 dhidi ya 1: uondoaji wa ukoloni Mauritius haukukamilika kisheria, na Uingereza iondoke haraka iwezekanavyo. Mei mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapiga kura 116 dhidi ya 6, nchi 56 zikijizuia. Mazungumzo yalipoanza mwishoni mwa 2022, Muingereza alikuwa na mzigo huo mgongoni.

Ninyi mwaka 1960 mngeshika nini? Azimio 1514 la Umoja wa Mataifa, linalosema ukoloni wa kila namna ukomeshwe na nchi zisikatwe vipande, lilipitishwa Desemba 14, 1960. Miezi mitano na nusu baada ya uhuru wenu. Sheria ilifika mnada umekwisha.

Na tofauti nyingine: Mauritius imeahidiwa kodi ya pango. Ninyi mliachiwa madeni. Kwa hiyo sikatai mfano wako, ila kipimo si kimoja.

---

BintiMvita (Mombasa)

Nasoma hapa nikikumbuka Mwambao wetu. Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Muingereza aliukodi tangu 1895 akalipa kila mwaka, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus huku anayeamuru ni Muingereza. Oktoba 1963 yakafanyika makubaliano London, Kenyatta akaandikiana barua na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, Sultani akaachia ukanda, na Kenya ikaahidi kulinda mahakama za Kadhi na mambo ya dini. Watu wa Mwambao wenyewe walikuwa wamegawanyika, wapo waliotaka Kenya na wapo waliotaka kujitenga, wala haikupigwa kura ya kuwauliza.

Bibi yangu alikuwa akisema ahadi ya Kadhi ilidumu kwa sababu iliandikwa. Zile za mdomo hakuna azikumbukaye. Kwa hiyo MwanaKatuba, mimi nakubaliana nawe: nionyeshe kilichoandikwa, na unionyeshe nani alikuwepo kikiandikwa.

---

DadaKadutu (Bukavu)

Yaya MwanaKatuba, kaka yangu, nakuheshimu, lakini wale vijana wa meza ya uchumi unawabebesha mzigo usio wao. Nimesoma mambo haya chuoni na yananiuma kila yanaposimuliwa hivi.

Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954. Chuo cha huko kwenu Elisabethville (Lubumbashi ya leo), 1956. Ubelgiji ilikaa nchini miaka zaidi ya 40 kabla ya kumfungulia Mkongo mlango wa chuo kikuu. Halafu unamkalisha kijana wa miaka 25 mbele ya watu wa Société Générale, ile kampuni kubwa ya fedha ya Ubelgiji, bila mhasibu, bila mwanasheria wake, bila kuonyeshwa vitabu. Hata angekuwa na akili kama nini, angesaini kitu gani kizuri?

Na swali la pili, ambalo hukuligusa: nani alipanga kalenda? Uchaguzi na meza ya uchumi kuwekwa mwezi mmoja haikuwa mvua iliyonyesha tu. Lakini na viongozi wetu wana lao. Walikuwa na front commun mwezi wa kwanza, ikafika mwezi wa nne imekwisha, kila mmoja anamchafua mwenzake ili apate kura. Tungekuwa na watu watano tu wa vyama vyote, wakubwa, waliosema uchaguzi tuachieni, sisi tunakaa Brussels mpaka Juni 29 tunatazama kila karatasi inayotiwa saini, historia ingekuwa nyingine. Watu watano!

Chagos nayaona hayohayo. Mauritius imepata mawakili wazuri. Wachagos wenyewe wamepata nini? Mfuko wa pauni milioni 40 utakaosimamiwa na Mauritius. Mama aliyezaliwa Diego Garcia hawezi kwenda kulala kwenye udongo wa mama yake, na nchi mbili zinapongezana.

---

MzeeLikasi (Likasi)

Wanangu, mimi ni mtu wa miaka mingi. Nasoma simu kwa miwani miwili, nivumilieni makosa.

MwanaKatuba amesema Lumumba alitolewa gerezani, hakusema gereza lipi. Alikuwa hapa kwetu, Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Alikwisha kuhukumiwa Stanleyville (Kisangani ya leo), wakamleta huku siku chache tu, na ni hapa alipotolewa akapandishwa ndege kwenda Brussels. Nilikuwa na miaka 12. Sisi watoto hatukumwona. Tuliambiwa ameletwa, na kabla hatujaamini tukaambiwa ameondoka. Wakubwa walilisema jina lake kwa sauti ya chini, hasa mbele ya makapita, wasimamizi wa kazi.

Juni 30 ilikuwa ngoma, mavazi mapya, watoto kupewa mikate. Wiki iliyofuata siku ya posho nilikwenda na mama kupanga foleni kama kawaida. Unga uleule, mizani ileile, na Mzungu yuleyule amesimama na orodha yake. Mama akasema, bila hasira: "Bazungu banaenda, lakini kazi ni yabo tu." Nimeishika hiyo.

Na Julai 11 Tshombe akatangaza Katanga ni nchi. Shuleni tukaletewa bendera nyingine yenye misalaba mitatu ya shaba. Kodi ya Union Minière ikaenda kwa Tshombe, Léopoldville haikuona kitu mpaka Januari 1963 ile serikali ilipoanguka. Kwa hiyo msiseme tu Wabelgiji walificha hisa. Na sisi tulipasuka. Baba yangu alikuwa Muluba wa Kasai, na mambo tuliyoyapata miaka ile katika mji huu siwezi kuyaandika hapa.

---

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Baba Likasi, asante sana, nimesimama nikisoma. Kwetu pia kuna majirani waliopakiwa treni miaka ile, na wazee wetu hawapendi kuulizwa. Naheshimu ukimya wako.

DadaKadutu, umenishinda. Nilivyoandika "vijana" ilisikika kama lawama, na sivyo nilivyotaka. Hilo la kalenda ningeliweka mstari wa kwanza kama ningeuandika uzi huu upya. Na hao watu watano nitalala nikiwafikiria.

Kivukoni7, ni kweli kabisa, sheria ya kimataifa ilichelewa kutufikia. Lakini nikuongezee kitu kinachofanana mno na Diego Garcia: Kamina.

Juni 29, 1960, siku moja kabla ya uhuru, Ubelgiji na Kongo zilitia saini mkataba wa urafiki. Ndani yake kulikuwa na kambi mbili za kijeshi, Kitona na Kamina, ambako wanajeshi wa Ubelgiji wangebaki. Kamina iko hukuhuku Katanga. Mkataba ulisema wanajeshi hao hawataingilia kati mpaka Waziri wa Ulinzi wa Kongo aombe waziwazi. Maneno mazuri, yamekaa vizuri. Julai 10 wanajeshi wa Ubelgiji wakaingia Elisabethville, bila serikali ya Léopoldville kuomba. Kesho yake ndiyo ile Julai 11 ya Baba Likasi. Siku kumi na moja! Na mkataba wenyewe haukuridhiwa kamwe, ukabaki na saini zake tu.

Kwa hiyo nikisikia watu wanashangilia saini ya Mei 22, nawaambia wangoje. Kati ya kusaini na kuridhia kuna mto, na mwenye askari kisiwani ndiye anayeamua maneno yatasomwaje.

---

Kivukoni7 (Dar es Salaam)

Hii ya Kamina sikuijua, nakiri. Swali moja tu: hizo hisa mlizipata lini hatimaye?

---

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Februari 6, 1965, kwa makubaliano ya Tshombe, wakati huo akiwa Waziri Mkuu wa Kongo nzima, na Paul-Henri Spaak wa Ubelgiji. Tshombe alirudi Léopoldville na mkoba akiuinua watu wauone, portefeuille ndani yake. Wazee wetu walilifurahia neno hilo kwa sababu portefeuille kwetu ni pochi pia: pochi ya nchi imerudi. Lakini madeni ya koloni nayo yaligawanywa hapohapo, na mfuko wa pamoja ukaundwa wa kuyalipa, kwa hiyo ulichosema juu ya madeni kiko mahali pake. Mwisho wa 1966 Mobutu, yuleyule wa meza ya uchumi, akaitaifisha mali ya Union Minière hapa nchini, na Januari 1967 ikaanza Gécomin, ambayo baadaye ikaitwa Gécamines. Hata hapo, kazi ya kuuza shaba yetu nje ilipewa kampuni ya kundi lilelile la Société Générale.

---

DadaKadutu (Bukavu)

Yaya, ulisema tarehe za mwezi wa sita ziliamua maisha ya babu zetu. Babu yako mwenyewe alisema nini?

---

MwanaKatuba (Lubumbashi)

Hakuwa msemaji, dada. Ila aliacha buku yake ya kazi, na bibi aliitunza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, imefungwa na kitambaa cha kitenge. Nimeitoa jioni hii kwa ajili yako, iko mbele yangu.

Jalada la kahawia, pembe zimeliwa na mende. Ndani kuna mistari: tarehe, aina ya kazi, mshahara, mhuri. Mhuri ni wa wino wa zambarau. Mstari wa Mei 1960 una mhuri na saini fupi yenye mkia unaopanda juu. Wa Juni, vilevile. Wa Julai 1960, mhuri uleule, saini ileile na mkia wake, mshahara uleule mpaka kwenye senti. Nimegeuza kurasa polepole, 1961, 1962, 1963. Sarafu inabadilika, mhuri haubadiliki.

Mabadiliko yanaanza Januari 1967. Hapo karani amekata jina la zamani kwa mstari wa kalamu, akaandika jipya juu yake kwa mkono, kwa sababu mhuri mpya ulikuwa haujafika. Mhuri mpya unaonekana mwezi wa nne. Kidole gumba cha babu kimewekwa pembeni ya kila mstari, na kwenye ule wa Januari kimewekwa mara mbili, sijui nani alimtaka arudie.